Uzi: Mafunzo ya uongozi kwa viongozi wa BMU Mombasa. Tathmini tuipange vipi kabla semina haijaanza?

Mleta uzi

Assalaam aleikum wadau, na habari zenu nyote.

Kuna shirika dogo hapa kisiwani limepata fedha za kuwafunza uongozi viongozi wa BMU: wenyeviti, makatibu, waweka hazina na wajumbe kadhaa wa kamati. Bandari za samaki nane, watu kama 40, miezi 18. Mimi nimepewa kazi ya kuandika mpango wa tathmini. Fomu ya mfadhili ina nafasi mbili tu za kujaza: waliofunzwa ni wangapi, na walioridhika ni asilimia ngapi. Majibu sote tunayajua. Mtu ukimlisha biriani siku tatu, ukampa na nauli, halafu ukamuuliza kama ameridhika, atakwambia nini?

Kwa wasioishi pwani: BMU ni vikundi vya usimamizi wa fuo, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007. Wanachama ni wenye vyombo, mabaharia, wachuuzi wa samaki na wengine wanaokula kwa bahari. Hao ndio mkutano mkuu, na ndio wanaochagua kamati. Kwa hiyo uongozi ninaotaka kuupima unaonekana kwa macho. Nani anashika pesa ya ada? Hesabu husomwa mbele za watu au husomwa chumbani? Ugomvi wa nyavu ukizuka unaishia bandarini au unafika kwa chifu?

Wengi wetu tumefundishwa zile ngazi nne za Donald Kirkpatrick wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alizozitoa kwenye makala za 1959 na 1960: washiriki wameyapokeaje mafunzo, wamejifunza nini, wakirudi kazini wamebadilisha nini, na mwishowe kikundi kimepata nini. Tabu yetu ni kwamba tunazipanda kutoka chini, na pesa inakwisha tukiwa ngazi ya pili. Mimi nimeamua kuanza juu nikishuka. Swali la kwanza nililowauliza waandaaji lilikuwa hili: baada ya mwaka, mwanachama wa kawaida aliyeketi chini ya mkungu pale bandarini ataona nini ambacho leo hakioni? Ilichukua muda kulijibu. Mmoja alisema "watakuwa viongozi wenye maono". Nikamuuliza maono hayo nitayaonaje nikienda Mtongwe siku ya Jumanne. Akacheka, lakini alinielewa.

Tukakubaliana mambo manne. Mikutano inafanyika kwa ratiba na kumbukumbu zake zimeandikwa. Hesabu inasomwa mbele ya mkutano mkuu. Wanawake wanaochuuza samaki wanasema mkutanoni na maneno yao yanaingia kwenye maamuzi. Migogoro inasikizwa na kamati na uamuzi unaandikwa. Ni hayo tu. Hojaji ya kurasa kumi na mbili nimeikataa.

Naomba mnikosoe. Hasa mambo matatu: majira, kundi la kulinganisha, na jinsi ya kujua mtu amejifunza bila kumfanyia mtihani wa shule.

Katibu wa bandari

Ndugu yangu, nimefurahi umeleta jambo hili hapa kabla ya semina. Kawaida mtu wa tathmini tunamuona mara moja, mradi umekwisha, amevaa koti, ana haraka ya ndege.

Sasa nikwambie la majira. Ukija kuhesabu mikutano yetu wakati wa kaskazi, bahari imetulia, vyombo vinatoka, samaki wapo, ada inaingia, na watu wako bandarini kila siku. Kuitisha mkutano ni kupaza sauti tu. Ukirudi Juni kwenye kusi, bahari chafu, wenye vyombo vidogo wamekaa, wengine wamekwenda kutafuta vibarua mjini. Ada hakuna. Mkutano utaitishwa na nani, na hesabu ya nini isomwe? Utaandika kwamba mafunzo yameharibu bandari, na kumbe ni upepo.

Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Kuna watu wanajua kabisa. Wanaanza kupima kwenye kusi, wanamaliza kwenye kaskazi, halafu ripoti inang'aa.

Jingine, kitabu cha kumbukumbu usikiamini sana. Mkituambia mnakuja kukagua, kitabu kitaandikwa usiku mmoja, kalamu moja, mwandiko mmoja, miezi sita yote. Mimi ni katibu, najua ninachosema.

Mpenda takwimu

Katibu amemaliza kazi yangu. Nitaongeza dawa yake.

Bandari nane usizifunze kwa mpigo. Funza nne kwanza, na nne nyingine zisubiri zamu yao. Zile zinazosubiri ndizo kundi lako la kulinganisha, na hakuna aliyenyimwa kitu kwa sababu zote zitafunzwa ndani ya mradi. Halafu pima zote nane kwa wakati mmoja, kila mara. Kusi ikija inazipiga zote.

Mfano wa kubuni. Tuseme kabla ya mafunzo, nne za kwanza zilikuwa na wastani wa mikutano 3 kwa robo mwaka. Kwenye kusi zikashuka hadi 2. Ukiishia hapo umepata hasara. Lakini nne zinazosubiri nazo zilikuwa na 3, zikashuka hadi 1. Za kwanza zimepungukiwa na mkutano 1, za pili zimepungukiwa na 2. Hiyo tofauti ya mkutano 1 ndiyo unayoweza kuanza kuizungumzia, hata kama kwa juu kila kitu kinaonekana kimeporomoka.

Nasema kuanza. Kwa bandari nane usiniletee vipimo vya umuhimu wa kitakwimu, vile vya kusema tofauti si ya bahati tu, itakuwa ni kujipamba. Onyesha kila bandari na namba zake, moja moja, watu waone. Zikiwa nane zinaenea ukurasa mmoja.

Na angalia jiografia. Likoni na Mtongwe ni pua na mdomo. Ukifunza moja na kuacha nyingine, kabla ya wiki mbili wameshaazimana makaratasi ya semina. Ziweke kundi moja. Za kaskazini kule Bamburi ziangalie hivyo hivyo.

Mleta uzi

Zamu nimeikubali mara moja. Waandaaji walikuwa wanataka kufunza wote pamoja ili wakodi ukumbi mara moja, lakini nadhani nitawashinda kwa hoja kwamba watu 20 wanafunzwa vizuri kuliko 40.

Katibu, la kitabu umenigusa. Ninachofikiria ni kutotegemea kitabu peke yake. Kitabu kikisema mkutano wa tarehe fulani ulihudhuriwa na watu 35, ninachagua wanachama watano kwenye orodha na kuwauliza kama walikuwepo na nini kiliamuliwa. Ada iliyoandikwa nailinganisha na taarifa ya M-Pesa ya kikundi, kama wanatumia. Na kurasa za mwisho za kila kitabu zipigwe picha siku ya kwanza, kabla ya mafunzo, ili baadaye kusipatikane miezi iliyozaliwa upya.

Kwa picha, ruhusa ya maandishi kwanza. Kumbukumbu za migogoro zina majina ya watu na mambo yao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijasamehe mashirika madogo. Kurasa za migogoro sitazipiga picha kabisa. Nitahesabu tu: kesi ngapi, ngapi zimeandikiwa uamuzi.

Mchuuzi wa Likoni

Jamani mimi nasoma tu lakini hapa naingia. Mnazungumza mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Sisi mama karanga, wanawake tunaochuuza samaki, tuko wapi kwenye hiyo tathmini? Mwenyekiti ukimuuliza kama anasikiza wanawake atakwambia "sana". Na kwa kweli anatusikiza: tunasema, anasikiza, halafu bei inapangwa na matajiri kule mbele, tunarudi tumekaa na makarai yetu.

Mkitaka kujua kama kiongozi amebadilika waulizeni anaowaongoza. Na msituulize mkiwa mmesimama naye.

Mdau wa Changamwe

Mama amesema kweli tupu. Katika taasisi kubwa hii inaitwa kumuuliza mtu wa juu, wa chini na wa pembeni. Lakini kwa bandari ndogo ina hatari yake. Kamati ina watu wachache. Ukiandika "mchuuzi mmoja alisema", kila mtu anajua ni nani. Kwa hiyo maoni ya wachuuzi yaunganishwe kwa bandari nne nne, yasitolewe kwa bandari moja moja. Anayeuliza awe mwanamke, tena mgeni wa bandari hiyo, na aende saa ambazo samaki hawajashuka. Samaki wakishashuka hakuna wa kukuongelesha, na ana haki.

Mimi ningeongeza kukaa mkutanoni na karatasi. Mistari miwili: wanaume na wanawake. Kila mtu akisema, unatia alama. Likitolewa pendekezo, unaandika limetoka upande gani na kama limepita. Mkutano mmoja kabla, mmoja baada ya miezi sita, mmoja mwisho. Ni kazi ya kuchosha lakini hakuna hojaji itakayokupa kitu hicho.

Mtu wa miradi

Mimi nimekaa upande wa wafadhili kwa muda, nitetee kidogo. Fomu ya kuridhika msiitupe. Ina kazi yake: inakwambia kama mkufunzi anaongea haraka, kama ukumbi una joto, kama saa ya swala imeheshimiwa. Tatizo ni kuitumia kama ushahidi wa mafunzo.

Kuna uchambuzi wa Alliger na wenzake wa 1997 uliokusanya tafiti nyingi. Walitenganisha maswali mawili ambayo sisi huyachanganya: je, ulifurahia, na je, kitakufaa kazini. Kufurahia karibu hakukuhusiana na kujifunza hata kidogo. Kuona kwamba kitu kitakufaa kulikuwa na uhusiano, ingawa mdogo. Kwa hiyo kwenye fomu ya siku ya mwisho futeni "chakula kilikuwaje" mbaki na maswali mawili matatu: ni jambo gani utalifanya kwenye mkutano ujao? Nani anaweza kukuzuia? Utahitaji nini? Hilo la pili lina thamani kuliko yote. Baldwin na Ford waliandika mwaka 1988 kwamba kuhamia kazini kwa kinachofunzwa kunategemea mtu mwenyewe, mafunzo yenyewe, na mazingira anayorudi. Sisi tunapima viwili vya kwanza, na cha tatu ndicho kinachotuangusha. Katibu aliyefunzwa kuandika kumbukumbu akirudi kwa mwenyekiti asiyetaka ziandikwe, mafunzo yana kosa gani hapo?

Bajeti je? Wengi hutenga asilimia 5 hadi 10 ya mradi kwa ufuatiliaji na tathmini. Kama wewe umepewa asilimia 2, punguza maswali, usipunguze ubora wa majibu.

Mleta uzi

Bajeti si mbaya, lakini sitaitaja hapa.

Sasa la kujifunza. Mnajua ule mtego: siku ya kwanza unampa mweka hazina karatasi ajipe alama kati ya 1 na 5, anajipa 5. Siku ya mwisho, ameshaona kitabu cha pesa kinavyotakiwa kuwa, anajipa 3. Karatasi inasema ameshuka, na kumbe ndiyo kwanza amefumbuka macho. Wengine hulikwepa hili kwa kuuliza yote mawili mwishoni: leo uko wapi, na ukitazama nyuma, kabla ya semina ulikuwa wapi. Inasaidia, ila mtu anayetaka kukufurahisha atakupa 1 na 5 bila kupepesa.

Ndiyo maana nataka kuweka kazi ya mikono. Mweka hazina anapewa bahasha yenye risiti na vijikaratasi vya wiki moja ya bandari ya kubuni, pamoja na risiti moja isiyo na tarehe na moja iliyorudiwa. Afunge hesabu. Katibu anasikiliza igizo la mkutano wa dakika kumi na tano, kisha anaandika kumbukumbu. Mwenyekiti anaendesha mkutano ambao wawili wanagombana kuhusu nyavu. Kazi ile ile siku ya kwanza na baada ya miezi mitatu, ikiwa na risiti tofauti. Hakuna anayesema amefanyiwa mtihani, maana ni kazi yake ya kila siku.

Katibu wa bandari

Igizo la nyavu msimpe mwenyekiti wangu, atamtimua mtu kweli.

Lakini bahasha ya risiti ni jambo zuri, hiyo hata sisi tungebaki nayo kufunza wajao. Na hapo ndipo nina swali: kamati huchaguliwa. Mkifunza watu leo, na kabla miezi 18 haijaisha mkutano mkuu ukawatoa, mtampima nani?

Mpenda takwimu

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Jibu langu: fuata vyote viwili, mtu na kiti, na uviandike mbalimbali. Kiti cha mweka hazina wa bandari fulani kina kitabu kinachosomwa au hakina? Huo ni ufuatiliaji wa kiti. Yule aliyefunzwa, ametoka madarakani, anafanya nini? Labda amemkabidhi mwenzake kitabu na kumwelekeza, labda ameondoka nacho nyumbani. Ukifuata watu tu, utasema mafunzo yamepotea. Ukifuata viti tu, hutajua ujuzi umekwenda wapi. Na usiwatoe waliong'olewa kwenye hesabu, maana watakaobaki ni wale waliofanikiwa, na namba zitapendeza kwa uongo.

Tena msisahau Agosti 2027. Mradi unaovuka uchaguzi mkuu utapoteza baadhi ya hao 40 kwenye kampeni. Mtu akishajua kuendesha mkutano na kusema mbele ya watu, wagombea wa wadi watamtafuta awe mtu wao, kama hakugombea mwenyewe. Mikutano ya bandari miezi hiyo itajaa, lakini haitakuwa mikutano ya samaki. Msipime Julai wala Agosti.

Mchuuzi wa Likoni

Na Ramadhani je? Miaka hii inaangukia kwenye kaskazi yenyewe. Jioni sote tuko jikoni na sokoni, usiku tarawehe. Mtu akija na maswali yake saa kumi alasiri nitamjibu chochote aondoke.

Mleta uzi

Shukran mama, hilo nilikuwa nimeliacha. Tarehe zote nitazipitisha kwa makatibu kwanza. Ijumaa mchana hapana, Ramadhani hapana, na wiki zenyewe nitawauliza maji yakoje, maana kuna bandari zinazofanya kazi bamvua, maji yakiwa makubwa, na nyingine maji mafu, yakiwa madogo.

Kuna kitu kimoja nimekiongeza baada ya kusoma michango yenu, kutoka kwa Robert Brinkerhoff na njia yake ya kutafuta visa vya mafanikio. Mwezi wa sita unatuma maswali mafupi kwa wote 20 wa awamu ya kwanza: umetumia nini, kimetokea nini. Halafu huhoji kila mtu. Unachukua watatu wanne waliotumia sana, na watatu wanne ambao hawakutumia kabisa, unakaa nao kwa kina. Wa kwanza lazima waonyeshe ushahidi, si hadithi: kitabu kiko wapi, nani mwingine aliona. Wa pili wanakwambia kilichowazuia. Faida yake ni kwamba majibu yanakuja wakati awamu ya pili haijafunzwa. Ikiwa makatibu watatu wamekwama kwa sababu wenyeviti wao hawataki kumbukumbu, basi awamu ya pili mwenyekiti na katibu wanafunzwa pamoja, meza moja.

Mtu wa miradi

Hapo sasa tathmini ina kazi. Ila uandike mapema, kwenye mpango wenyewe, nani ataamua nini na lini. Kwa mfano: wiki tatu kabla ya awamu ya pili, waandaaji wanakaa na matokeo na kubadilisha ratiba ya mafunzo. Bila tarehe hiyo, matokeo yatafika wakati ukumbi umeshalipiwa na makaratasi yameshachapishwa, na kila mtu atasema "tutazingatia siku zijazo".

Na mwambie mfadhili mapema kwamba kuna uwezekano wa kukuta hakuna kilichobadilika kwenye jambo moja au mawili. Wengine hukasirika wakiambiwa mwisho. Wakiambiwa mwanzo, huwa wanaelewa. Baadhi yao.

Mdau wa Changamwe

Ripoti itaandikwa kwa lugha gani?

Mleta uzi

Ya mfadhili kwa Kiingereza, hilo siwezi kulikwepa. Ya bandari kwa Kiswahili, kurasa mbili, na itasomwa kwenye mkutano mkuu, si kukabidhiwa kamati. Nimeomba katibu aisome mwenyewe ikiwa atakubali.

Katibu wa bandari

Nitasoma, lakini nionyeshe wiki moja kabla. Kama kuna hesabu yetu ina kasoro nataka kuijibu nikiwa nimesimama, nisiisikie pamoja na watu. Na zile namba za bandari moja moja alizozitaka ndugu wa takwimu zibaki kwenu na kwa mfadhili, kwetu mlete zetu tu. Ukisoma za Mtongwe mbele ya watu wa Likoni hutamaliza huo mkutano.

Mpenda takwimu

Haki yake. Ukurasa wa namba zote nane wenye majina usitoke ofisini, na kwa mfadhili bandari zipewe herufi badala ya majina.

Mleta uzi

Nimekubali yote mawili. Rasimu ya pili nitaiweka hapa nikishakaa na waandaaji. Kama kuna mtu ana karatasi ya kuhesabu wasemaji mkutanoni aliyowahi kuitumia na ikafanya kazi, anitumie, nisianze kuchora upya.